Barua ya wazi kuhusu Ukumbi wa Nkrumah: kabla ya rangi ya miaka 70, fungueni faili la jengo

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Baraza la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam,
Makamu Mkuu wa Chuo,
na wasimamizi wa majengo na milki ya Chuo, Mlimani.

YAH: UTUNZAJI WA UKUMBI WA NKRUMAH KUELEKEA MAADHIMISHO YA MWAKA 2031

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 25 Oktoba 2031 Chuo kitatimiza miaka 70. Desturi ya taasisi zetu inajulikana: kamati ya maadhimisho huundwa ikiwa imebaki miezi michache, fungu hutafutwa kwa haraka, na kitu cha kwanza kuidhinishwa ni rangi. Tunaandika mapema kwa sababu tunayoyaomba hayafanyiki kwa miezi mitatu. Na rangi ikitangulia, itafunika dalili ambazo mhandisi angezihitaji ili aseme jengo lina hali gani.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo maadhimisho mengi huteleza. Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, lakini hakikufunguliwa Mlimani. Kilianza Mtaa wa Lumumba, katika jengo la TANU, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na kitivo kimoja tu cha sheria chenye wanafunzi 14. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 ndipo kilipohamia mlimani, kilomita kama 13 kutoka katikati ya jiji. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake wa kwanza. Hizo ni tarehe za taasisi. Jengo nalo lina zake: siku ya kuanza ujenzi, ya kukabidhiwa, ya kufunguliwa rasmi, na ya kupewa jina. Kila moja ina karatasi yake mahali fulani, na kibao kinachochanganya hizo zote kwa kuandika "tangu 1961" juu ya ukuta wa Mlimani kitakuwa kinadanganya wageni kwa herufi za shaba.

Kwa hiyo ombi la kwanza halina gharama kubwa. Kabla ya kuagiza kibao chochote, mtu mmoja mwenye ujuzi wa nyaraka akae na mihtasari ya vikao vya Baraza ya miaka ya 1961 hadi 1970, mikataba ya ujenzi na magazeti ya wakati huo yaliyomo kwenye mkusanyo wa East Africana wa maktaba yenu, aandike kurasa nne au tano za tarehe zilizothibitishwa, kila tarehe na karatasi iliyoithibitisha. Na kama maadhimisho yanahusu mwaka 1961, kibao cha haki kabisa kingesimama Mtaa wa Lumumba. Sherehe nzima ya kuzaliwa hufanyika Mlimani, na mahali pa kuzaliwa hapatajwi.

Ukumbi wa Nkrumah ulijulikana na Watanzania ambao hawajawahi kupanda daladala ya Chuo Kikuu. Ulichapwa nyuma ya noti ya shilingi 500 ya mwaka 2003, ambayo mbele ilikuwa na nyati, ukabaki kwenye toleo lililofuata, mbele akiwa Mzee Karume. Sarafu ya shilingi 500 ilipoingia mwaka 2014, Mzee Karume alibaki, nyati akarudi, ukumbi ukatolewa. Noti zenyewe zilichakaa haraka kwa sababu zilipita mikono mingi, na zilizobaki safi ni chache. Chuo kinapaswa kuwa na nakala safi za matoleo yote mawili katika makumbusho yake, na ingefaa kuiomba Benki Kuu picha na michoro iliyotumika kutengeneza noti hizo. Picha ya namna hiyo inaonyesha jengo kwa tarehe inayojulikana, na mhandisi anaweza kuilinganisha na hali ya leo: dirisha lipi lilizibwa, kiyoyozi kipi kiliongezwa, kingo ipi imemeguka.

Kuna historia nyingine ambayo hotuba za maadhimisho huipita kimya. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu, wengine wakiwa ndani ya majoho, kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwafukuza karibu 400, na siku hiyohiyo akatangaza kujipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, na Machi 1967 Chuo kikafanya mkutano kuhusu nafasi yake katika Tanzania ya ujamaa. Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, wakafukuzwa tena. Mlima huu haueleweki kwa mtu anayesimuliwa majina ya wageni mashuhuri peke yake. Kigoda cha Mwalimu, kiti cha kitaaluma chenye jina la Nyerere, kilichomleta mwandishi Wole Soyinka mwaka 2009, kimeonyesha kwamba Mlimani panaweza kukumbuka kwa kubishana. Maadhimisho ya 2031 yafuate mkondo huo, na maonyesho yake yaweke 1966 na 1978 ukutani bila haya.

Wanaoweza kusimulia wanapungua. Aliyeingia Mlimani mwaka 1964 akiwa na miaka 20 sasa amevuka 80. Tunaomba kazi ya kurekodi ianze mwaka huu, bila kungoja kamati. Wasirekodiwe maprofesa pekee. Watafuteni mafundi umeme, wapishi, wahudumu wa ukumbi, wapaka rangi, makarani wa milki. Fundi aliyepanda darini miaka 20 anajua maji yalikuwa yanaingia wapi, na hilo hakuna mchoro unaolionyesha. Sauti irekodiwe kwa faili la WAV la biti 24 na kilohezi 48, si kwa sauti iliyobanwa ya simu. Msimuliaji asaini ridhaa inayosema wazi nani ataruhusiwa kusikiliza na kuanzia lini. Nakala moja ibaki maktaba na nyingine ipelekwe Nyaraka za Taifa. Rekodi isiyo na ridhaa iliyoandikwa huishia kabatini, kwa sababu hakuna mkutubi atakayethubutu kuitoa.

Sasa michoro. Majengo ya miaka ya 1960 yalichorwa kwa wino juu ya karatasi angavu, kisha nakala za kupeleka kwa mafundi zikatolewa kwa dawa ya amonia. Nakala hizo, zenye mistari ya buluu au kahawia, hufifia zikikaa kwenye mwanga na hukatika zikikunjwa. Zikiwekwa pamoja na karatasi nyingine, kemikali zake huzigeuza rangi. Zilazwe kwenye droo pana, zisiviringwe, zitenganishwe na michoro ya asili kwa karatasi isiyo na asidi, na zipigwe skani kwa angalau nukta 300 kwa inchi katika muundo wa TIFF kabla ya mtu yeyote kuanza kuzifunua kila siku. Halafu jengo lenyewe lipimwe upya. Kilichochorwa na kilichojengwa hutofautiana karibu kila mara, na mkandarasi anayetoboa nguzo kwa kuamini mchoro wa zamani anaweza kukata nondo ambazo mchoro haukuzionyesha.

Tuje kwenye zege, kwa sababu ndilo lenye hatari na ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote.

Zege jipya ni kali kama magadi: pH yake, yaani kipimo cha ukali huo, hufika 12.5 hadi 13, na katika hali hiyo nondo haishiki kutu hata ikiwa na unyevu. Hewa ukaa huingia polepole kutoka juu na kuushusha ukali huo. Ukishuka chini ya 9 hivi, ulinzi umekwisha. Kutu huchukua nafasi kubwa mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, kwa hiyo husukuma zege kutoka ndani: kwanza ufa mwembamba unaofuata mstari wa nondo, kisha sauti ya utupu ukigonga, kisha kipande kinadondoka. Kina ambacho hewa ukaa imefika hufuata kipeuo cha pili cha miaka. Mahali ambapo hewa ukaa ilifika milimita 20 katika miaka 25 ya kwanza, baada ya miaka 60 itakuwa imefika kama milimita 31. Kama zege lililofunika nondo lina unene wa milimita 25, jambo la kawaida kwa majengo ya enzi hiyo, nondo tayari haina kinga, ingawa ukuta kwa nje unaonekana mzima.

Hatusemi kwamba Ukumbi wa Nkrumah una ugonjwa huu. Tunasema haujulikani bila kupimwa, na kipimo ni rahisi. Fundi anamega kipande kidogo kwa tindo, anapuliza vumbi bila kutumia maji, ananyunyizia fenolfthalini, dawa inayoonyesha ukali kwa rangi, ya asilimia 1 iliyoyeyushwa kwenye spiriti, palepale, kabla sehemu mpya haijakaa hewani. Panapogeuka waridi pana kinga. Pasipobadilika rangi pamekwisha. Anapima kwa rula kutoka juu hadi mstari wa waridi, analinganisha na unene uliosomwa na kifaa cha kutafuta nondo, anajaza tundu. Pointi 12 hadi 20 zinatosha kwa jengo la ukubwa huu, lakini zichaguliwe kwa akili. Watu hukimbilia upande unaopigwa na mvua. Kumbe hewa ukaa huenda kasi zaidi kwenye unyevu wa asilimia 50 hadi 70, yaani sehemu zilizofunikwa: chini ya vibaraza, ndani ya ukumbi, nyuma ya mapezi ya kivuli. Upande wa mvua huchelewa kupoteza kinga, ila ukishaipoteza kutu huko hukimbia.

Kipimo cha pili ni chumvi. Mlimani hapako ufukweni, kwa hiyo upepo wa bahari si mshukiwa wa kwanza, lakini mchanga na maji ya kukorogea zege vyaweza kuwa vilikuja na chumvi yake. Unatobolewa unga kwa kina cha milimita 0–25, 25–50 na 50–75, kila kina kwenye mfuko wake, unapelekwa maabara. Kloraidi, yaani chumvi hiyo inayoozesha nondo, ikizidi asilimia 0.4 ya uzito wa saruji, hatari ni ya kweli. Ikiwa nyingi nje na kidogo ndani, ilikuja na upepo; ikiwa sawa kote, ilikorogwa ndani tangu mwanzo, na tiba yake ni tofauti kabisa. Chuo chenye wahandisi wake kinaweza kufanya vyote hivi kama mradi wa wanafunzi wa mwaka wa nne chini ya mhadhiri, kwa gharama ndogo kuliko turubai za siku moja ya sherehe.

Ukarabati ukianza bila vipimo hivi, mambo huharibika kwa namna inayotabirika. Fundi anagonga kipande kilicholegea, anasugua upande wa mbele wa nondo kwa brashi, anaziba kwa lipu ya saruji na mchanga, anapaka rangi ya mafuta inayong'aa. Nyuma ya nondo kutu imebaki. Rangi inafungia unyevu ndani. Baada ya masika mawili au matatu kiraka kinadondoka na jirani yake kinaanza kupasuka, kwa sababu chuma kilichofunikwa na saruji mpya kinasukuma kutu kwenye chuma cha pembeni ambacho kimebaki bila kinga. Namna sahihi ni kukata kingo za kiraka kwa msumeno, wima, kina cha milimita 10 bila kugusa nondo. Kuchimba hadi milimita 20 au 25 nyuma ya nondo ili izungukwe yote. Kuifuata nondo hadi sentimita 5 kupita mwisho wa kutu. Kuisafisha mpaka ing'ae. Na kumwita mhandisi aamue kama iliyoliwa ibadilishwe. Kiraka kijazwe kwa mchanganyiko maalumu wa saruji wa kukarabatia zege, kisha kifunikwe magunia mabichi siku saba. Siku saba ndizo huibwa kwanza mgeni rasmi anapokaribia.

Rangi nayo ichaguliwe baada ya kukwangua rangi kwa ngazi ndogo kwenye pembe tatu au nne zilizofichika, ili matabaka yote yahesabike hadi la kwanza. Huko ndiko mtajua ukumbi ulikuwa na rangi gani ulipokabidhiwa, na kama sehemu fulani haikupakwa kabisa bali zege liliachwa wazi kwa makusudi ya msanifu. Kampuni ya Kiingereza ya Norman & Dawbarn, iliyopanga kampasi ya mwanzo, ilitegemea kivuli na upepo unaopita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mkiziba njia za upepo na kufunga viyoyozi, mnaongeza mzigo wa umeme, matundu ya kupitisha mabomba na maji ya kiyoyozi yanayochuruzika ukutani mwaka mzima.

Juu ya paa tuna neno moja na kunguru. Kunguru weusi wa Dar hujenga viota kwa nyaya na vijiti, na mabaki yake huziba midomo ya mifereji ya maji. Maji yakituama, kila mtu hulaumu paa. Kabla ya kuamua kuweka tabaka jipya la kuzuia maji, safisheni midomo ya mifereji mwishoni mwa Februari kabla ya masika, na tena mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli, kisha tazameni kama bado panavuja. Na tabaka jipya lisimwagwe juu ya la zamani. Kila milimita 50 ya mchanga na saruji huongeza zaidi ya kilo 100 kwa mita ya mraba, na paa la miaka ya 1960 halikuhesabiwa kubeba hamu ya makandarasi wa vizazi vitatu. Beit el-Ajaib ya Zanzibar, ya mwaka 1883, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa ndani ya ukarabati. Kipindi cha matengenezo ndicho jengo kuukuu huwa dhaifu zaidi.

Moto je? Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 Jengo Kuu la Makerere, la mwaka 1941, liliungua paa na ghorofa za juu. Lilifunguliwa tena Oktoba 2024, miaka minne baadaye. Tarehe 18 Aprili 2021 moto uliotoka Table Mountain uliteketeza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town. Milango ya chuma inayojifunga yenyewe iliokoa sehemu kubwa ya hazina ya chini, ingawa maji ya wazimamoto yaliifikia. Somo la matukio hayo mawili ni la kifundi: moto husafiri ndani ya dari na paa pasipo na ukuta wa kuukata, na kilichookoka kiliokolewa na kizuizi kilichowekwa kabla. Upimeni Ukumbi wa Nkrumah kwa macho hayo. Uwazi wa juu ya dari ugawanywe, vitambuzi vya moshi viwekwe humo pia, sio chini tu. Nyaya zipimwe kwa volti 500 za mkondo mnyoofu. Saketi iliyo chini ya megaomu 1 ifungwe mpaka itengenezwe. Nyaya za zamani zenye ganda la mpira hukauka na kubomoka zikiguswa, kwa hiyo fundi asizivute kupitisha mpya. Na vibao vya dari vya enzi hiyo visivunjwe kabla kipande hakijapimwa kama kina asbesto.

Sheria hailindi jengo hili moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja vilivyojengwa kabla ya 1863. Cha baada ya hapo hulindwa Waziri akikitangaza katika Gazeti la Serikali. Chuo kinaweza kuomba tangazo hilo chenyewe, na ombi lenye nguvu huambatana na michoro iliyopimwa, tarehe zilizothibitishwa na maelezo ya hali ya jengo, yaani mambo yaleyale tuliyoyaomba hapo juu. Tunajua wasimamizi wa milki huogopa tangazo kwamba litawafunga mikono. Litawafunga kidogo, ni kweli: hakuna kutoboa wala kupanua bila kibali. Tunaona ni bei ya halali.

Kibao chenyewe, mwishoni, kisitobolewe kwenye nguzo. Kisimame peke yake kwenye msingi wake pembeni ya njia, au kifungwe kwenye ukuta usiobeba mzigo kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, kwa sababu skrubu za kawaida zikigusana na shaba katika hewa yetu ya unyevu huoza zenyewe na kuacha mchirizi mwekundu. Kiswahili kitangulie.

Ratiba tunayopendekeza: mwaka huu wa fedha, tarehe zithibitishwe, michoro iskaniwe, wasimulizi waanze kurekodiwa. Mwaka unaofuata, jengo lipimwe na zege lichunguzwe, ripoti iwekwe maktaba ambako mhandisi yeyote ataisoma. Kufikia 2028 mfumo wa umeme na wa moto uwe umekamilika. Kazi ya zege ifanyike 2029 na 2030, kwa mkandarasi aliyeonyesha kwanza kiraka cha majaribio nyuma ya jengo kikapita masika moja bila kupasuka. Rangi iwe ya mwisho. Kuanzia hapo, fungu la matengenezo la kila mwaka litengwe kwa jengo hili peke yake. Kanuni inayotumika sana ni asilimia 1 hadi 2 ya gharama ya kulijenga upya. Na kila baada ya miaka mitano mtu alizunguke lote na faili mkononi, aandike alichokiona, asaini.

Tunaomba kuwasilisha.

Wenu katika kazi,
Wahandisi, wasanifu majengo na wahifadhi nyaraka